Damu ya Fizi na Maumivu ya Kichwa
(Maneno ya mwanachama wa genge la njia mbele ya wenzake, Kiganjo)



 Mimi si daktari, ni mtu wa nyundo na mataruma. Lakini najua wengi wenu, toka Sagana hadi Nanyuki, mnalo jambo hili nanyi mmenyamaza.

Miaka miwili niliugua kipandauso. Upande mmoja wa kichwa ulinigonga, jua likaniumiza macho, nikatapika. Mnyapara mmoja alidhani ni pombe, nikakatwa mshahara wa siku. Nikawa nameza vidonge vya dukani karibu kila siku. Tena kila nikipiga mswaki nilitema damu, wala sikujali.

Nilipokwenda kwa daktari wa meno alinieleza hivi. Mtu wa kipandauso akiumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, kipandauso chake huitwa sugu. Madaktari wa Hispania walitangaza mwaka 2019 kwamba wagonjwa wa kipandauso sugu wenye fizi mbovu wana zaidi, katika damu yao, kitu kimoja kinachochochea maumivu hayo. Hawakusema fizi ndizo zinazoleta kipandauso. Walisema mambo haya mawili huandamana. Tena vidonge vyenyewe, ukivimeza siku 15 za mwezi au zaidi, hurudisha maumivu.

Ndugu, fizi ni kama kokoto chini ya taruma. Kokoto zikiliwa, taruma hucheza. Ukoga ukikaa kwenye jino hugeuka mgumu, na mswaki hauuondoi. Lazima daktari aukwangue. Tumbako huzidisha ubovu huo, tena huficha damu usiione. Wala si aibu ya mtu mmoja: katika uchunguzi wa meno wa Kenya wa mwaka 2015, karibu watu wazima wote waliopimwa walitoka damu fizini.

Nilikwanguliwa, nikapunguza vidonge kwa shauri la daktari. Leo kichwa huniuma mara chache. Kama ni fizi au ni vidonge, siwezi kuapa. Lakini fizi zimepona, na meno yangu ninayo.

Basi naomba tawi letu lidai siku moja kila mwaka ya kupimwa meno, bila kukatwa mshahara. Na mwenzako akishika kichwa kazini, usimwite mlevi kabla hujamwuliza.