Jengo la Kiwanda, Shamba la Ngano na Kumbukumbu Zetu

Tuanzie mbali kidogo, kisha turudi nyumbani.

Singapore, kando ya barabara ya Serangoon, kuna jengo la kiwanda cha soda lililojengwa mwaka 1954 na kampuni ya National Aerated Water. Mitambo ilipoondoka jengo lilibaki tupu, na baadaye eneo likanunuliwa ili zijengwe nyumba za kuishi. Wapenda historia wakaomba lisibomolewe. Wakasikilizwa: jengo limehifadhiwa, na nyumba mpya zimejengwa kando yake.

Mtu atauliza, soda ina urithi gani? Hata huku kwetu, arusi bila kreti za soda ni arusi gani? Kitu kilichopita mikononi mwa watu wote huwa na historia ya wote.

Sasa turudi Hanang. Kwetu yapo maghala, karakana na nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya ngano. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret. Kwa pamoja yalifikia ekari zipatazo 100,000. Vijana wa Hanang, Mbulu na kwingineko walijifunza kuendesha trekta na kutengeneza mashine za kuvuna. Wapo waliosomesha watoto kwa mshahara huo.

Lakini ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao, yale ya vichuguu vya udongo yaitwayo bung'eda. Mengine yalilimwa. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Kesi hiyo inasomwa na wanasheria hadi leo.

Kwa hiyo tukisema tutunze ghala la ngano, tuseme pia lilisimama juu ya ardhi ya nani. Fundi wa karakana na mfugaji aliyehamishwa wote ni watu wetu. Ukimsikiliza mmoja ukamwacha mwingine, umepata nusu ya habari.

Tusiitegemee sheria peke yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Jengo la juzi hulindwa pale Waziri anapolitangaza, na hawezi kulitangaza asilolijua. Kazi ya kumjulisha ni yetu.

Wala tusijidanganye kwamba muda upo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliingia Katesh na vijiji vya jirani. Lilichukua ndugu zetu zaidi ya 80, na nyumba zikaondoka na kila kilichokuwamo ndani, picha na karatasi pia. Aliyekufa hatumrudishi. Ila kilichoandikwa na kutunzwa mahali pawili hakipotei kirahisi.

Ndugu zetu, mchango wa leo tunauombea kazi tatu. Kwanza, kupiga picha na kupima majengo ya zamani ya wilaya zetu mbili, tukianzia mashamba ya ngano. Pili, kurekodi wazee, kila mmoja kwa lugha anayoimudu, Kiiraqw, Kidatoga au Kiswahili: madereva, wapishi, mafundi na wafugaji. Tatu, kupeleka nakala kwenye halmashauri na shule za sekondari, ili mwanafunzi wa Basotu au Haydom asome habari za kwao.

Asiye na fedha alete picha ya zamani, au atuelekeze kwa mzee anayejua. Huo nao ni mchango, nao utaandikwa kwenye daftari.

Karibuni mezani.