Ni Nani Aketi Mbele?

Fungueni pamoja nasi Waraka wa Yakobo, sura ya pili, zile aya nne za kwanza.

Yakobo asimulia jambo tunalolijua sana. Mtu anaingia katika kusanyiko, kidoleni ana pete ya dhahabu, nguo zake zang'aa. Anapewa kiti kizuri. Nyuma yake anaingia maskini mwenye mavazi machafu. Huyo anaambiwa asimame kule, au aketi chini. Tumelisoma neno hili mara nyingi, na kila mara tumemkemea mwenye pete. Lakini mahali hapa Yakobo hamkemei mwenye pete hata kidogo. Anawakemea waliopanga viti.

Nasi leo twauliza swali la pili: dhahabu ya pete ile, ni nani aliyeichimba?

Watu wa Migori wanalo jibu karibu. Kule Nyatike, mgodi wa Macalder ulifanya kazi tangu wakati wa ukoloni, ukitoa dhahabu na shaba, hata ukafungwa mwaka 1966. Kampuni ilikwenda zake, dhahabu haikwisha. Wenyeji wakaendelea kuchimba wenyewe. Vijana hushuka shimoni kwa kamba, tochi kichwani, wakijua kwamba mvua ikilainisha udongo shimo laweza kuwafunika. Juu, akina mama huketi juani wakiponda mawe kwa nyundo. Unga wa mawe huoshwa kwa maji, kisha hutiwa zebaki ili ishike chembe za dhahabu, na mara nyingi huchanganywa kwa mikono mitupu. Halafu zebaki huchomwa motoni, dhahabu ibaki peke yake. Mvuke ule ni sumu. Huharibu fahamu za mtu, humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo na kuwafungulia njia ya kupata kibali. Serikali imewatambua, je, sisi kanisani?

Maana Jumapili mama mponda mawe huja ibadani. Huketi nyuma karibu na mlango, akificha vidole vyake ndani ya leso.

Kutoka Migori twende Homa Bay, ziwani. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa taa zinazoelea juu ya maji. Sisi tukiwa usingizini, wanaume wanavuta nyavu. Alfajiri akina mama wanaungoja mzigo ufuoni, wanaununua, wanauanika juu ya nyavu kuukuu, wanaugeuza hata ukauke. Mvua ikinyesha kabla ya hapo, omena huharibika na kuuzwa kwa bei ya kutupa, iwe chakula cha kuku. Na deni la asubuhi liko pale pale. Hata hivyo waulizeni vijana wetu shujaa wao ni nani. Watamtaja mwenye gari refu. Hatuwalaumu, wamejifunza kwetu.

Katika kisiwa cha Rusinga amezikwa Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Wageni hulitembelea kaburi lake, nasi hufurahi kuwaonyesha. Tunapomsifu twataja uwaziri wake na wanafunzi aliowapeleka Marekani. Ni haki. Lakini twapita haraka pale alipoanzia: baba yake alikuwa mfanyakazi wa shamba la mkonge, na yeye mwenyewe alikuwa mkaguzi wa afya mjini Nairobi, akawasemea wafanyakazi wenzake kabla ya kulisemea taifa.

Mwaka 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana alikataza wanasiasa wasihutubie ibadani. Wengi tulipiga makofi. Ila mimbari ni jambo moja, na viti ni jambo jingine.

Liko kanisa moja tunalolijua vizuri, kando ya ziwa. Palikuwa na harambee ya kuezeka paa. Mgeni wa heshima alichelewa saa tatu, na mahubiri yakamngoja. Alipofika, jina lake lilitangazwa mara nne. Asubuhi ile ile mama mmoja mjane alikuwa ameleta gorogoro mbili za omena. Aliambiwa azipeleke jikoni. Jina lake halikutangazwa hata mara moja. Wapendwa, hatuwasimulii habari za watu wengine. Orodha ya majina ilikuwa mikononi mwetu sisi.

Juma lililofuata tulimwendea ufuoni kumwomba radhi. Alitusikiliza huku ameinama, mikono ikiendelea na kazi. Kisha akauliza, "Wanangu, omena mliila?"

Tukajibu, "Tuliila, mama. Wageni wote walikula."

"Basi," akasema, akatazama juu, maana mawingu yalikuwa yakikusanyika juu ya ziwa. "Shikeni upande ule wa wavu, tukunje kabla ya mvua."

Tukavua viatu, tukashika.

Na tuombe.