MOSHI HAUPITI LANGONI

Lindo lililokaa langoni peke yake halimwoni apitaye vichakani. Quitunda, katika rasi ya Afungi, ndiko walikohamishiwa tangu 2019 watu wa Quitupo waliopisha kiwanda cha gesi. Mitambo ikiwashwa hutoa oksidi za naitrojeni. Kompyuta huigawa anga visanduku, ikakadiria kusi au kaskazi itapeleka nini na wapi. Lakini hesabu ya upepo pekee haitoshi: juani oksidi hizo, zikichanganyika na mivuke ya mafuta, huzaa ozoni iunguzayo mapafu. Karibu na dohani ozoni hupungua. Hukithiri mbali, saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo kipimo cha langoni tu kitawadanganya walinzi na wanakijiji vilevile. Vingine viwekwe bara, upande uelekeao upepo wa kusi.