Mkataba Julai, Mtihani Novemba: Mwanafunzi Mchezaji wa Rukwa na Uamuzi wa Kuacha Shule



Tarehe 2 Agosti 2020 Simba iliifunga Namungo 2–1 hapa Sumbawanga, uwanja wa Nelson Mandela, katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Oktoba mwaka huohuo Simba ikarudi, ikalala 1–0 mbele ya Tanzania Prisons, waliokuwa wakiutumia uwanja wetu kama nyumbani. Kijana wa Laela aliyepanda gari kuja kutazama alijionea kwamba wachezaji wa ligi kuu ni watu kama yeye. Kijana huyo aking'ara kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na kufuatwa na mtu mwenye fomu ya usajili, tumwambie nini?

Walimu tuna jibu letu: maliza shule kwanza. Mjomba wa kijana naye ana lake: mpira hausubiri. Sikubaliani kikamilifu na upande wowote.

Mtazameni Hasheem Thabeet, mchezaji wa mpira wa kikapu. Mwaka 2009, baada ya miaka mitatu Chuo Kikuu cha Connecticut, aliacha mwaka wa mwisho na kuingia NBA, akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Hakung'ara. Msimu wake wa kwanza haujaisha, alipelekwa ligi ya chini, na wapo wanaomcheka mpaka leo. Mimi nasema aliamua vizuri. Anayechaguliwa raundi ya kwanza NBA ana uhakika wa mshahara wa miaka miwili hata akikaa benchi, na goti likiharibika chuoni, nafasi ya pili haipo tena. Lakini angalieni alichoacha: aliacha chuo, akiwa mtu mzima aliyekwisha kumaliza sekondari. Kijana wetu wa miaka 16 anaambiwa aache Kidato cha Nne kwa fedha ambazo hakuna aliyemhakikishia.

Ahadi ya "mwezi ujao Ulaya" hasa ndiyo ya kuogopwa. Kanuni za FIFA zinazuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu, na mkataba wa mtoto hauruhusiwi kuzidi miaka mitatu. Mbwana Samatta mwenyewe alipita African Lyon na Simba kabla ya kwenda TP Mazembe mwaka 2011, na Genk walimchukua Januari 2016. Wakala anayemwahidi mtoto njia fupi kuliko hiyo aulizwe maswali mbele ya mzazi.

Sasa kalenda, maana hapo ndipo tunapoumia. Usajili hupamba moto katikati ya mwaka. Huku Ufipa ndio wakati mahindi yamejaa uani, bei iko chini na deni la mbolea linadaiwa. Pesa ya usajili, hata ndogo, inamkuta mzazi pabaya. Ligi inaanza Agosti au karibu na hapo. Mtihani wa Kidato cha Nne ni Novemba. Anayeondoka Julai anaacha miaka minne ya masomo kwa ajili ya miezi minne iliyobaki. Na jina lake limesajiliwa Baraza la Mitihani kupitia shule yake, tuseme Kantalamba. Akiwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa, hawezi kuja Jumatatu akarudi mazoezini Jumanne.

Cheti hicho kina kazi hata uwanjani. Prisons na JKT ni timu za majeshi. Mchezaji anayetaka ajira ya kudumu humo, na si posho ya msimu tu, ataulizwa cheti cha Kidato cha Nne.

Mwaka 2022 Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, India. Kwa hiyo fomu hizo zitawafikia mabinti pia, na kwao wazazi wengi bado wanajibu "hapana" bila hata kuzisoma.

Napendekeza shule zetu ziwe na barua ya aina moja, inayosainiwa na mzazi, mkuu wa shule na klabu: kijana aruhusiwe kurudi kwa mtihani, nauli ya kuja na kurudi ilipwe na klabu, na atakayegharamia matibabu atajwe. Klabu itakayokataa nauli ya basi la Sumbawanga, mzazi asiisainie fomu yake. Rasimu ya barua hiyo ninayo hapa. Naomba tuipitie kifungu kwa kifungu kabla ya chakula cha mchana.