Nani Apewe Dawa ya Kichocho? Uwazi na Ushirikishwaji wa Wananchi Katika Kugawa Kilicho Kichache

Ndugu wajumbe wa kamati za zahanati, viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) na wazee wetu wa Kigongo,

Nimeombwa nianze na maana ya uwazi na ushirikishwaji. Mnaijua: Sera ya Afya ya 2007 iliyataja hayo, na kamati zenu zipo kwa ajili hiyo. Wanazuoni Norman Daniels na James Sabin waliweka masharti manne: sababu za uamuzi ziwe za msingi, zitangazwe, pawe na njia ya kukata rufaa, na awepo wa kusimamia hayo yote. Utaratibu huo ulijaribiwa wilayani Mbarali kuanzia 2006. Lililonileta ni kuutumia katika kugawa dawa ya kichocho.

Kichocho cha tumbo kimejaa ukanda huu wa ziwa. Aliyeishi nacho miaka mingi huvimba ini na bandama, na wapo wanaofikishwa hospitali ya Bugando wakitapika damu. Dawa yake, prazikwanteli, kwa sehemu kubwa hutufikia kama msaada, na msaada huo ulilenga watoto wa shule. Mwaka 2001 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kuwafikia angalau asilimia 75 ya watoto walio hatarini. Sababu ni nzito: mtoto hudumaa, hupungukiwa damu, na shuleni hupatikana kwa urahisi. Siipingi hata kidogo.

Ninachopigania miaka yote ni kwamba sababu hiyo haifiki mwaloni. Mvuvi anayesukuma mtumbwi maji yakiwa kiunoni anaona mwanawe amepewa vidonge. Yeye akienda zahanati anaambiwa dawa imekwisha. Haikwisha. Haikupangwa kwa ajili yake, na hakuna aliyemwambia. Vivyo hivyo kwa mama anayechota maji na kufua pale pale. Wakati sababu imefichwa, uvumi hujaza nafasi: mwaka 2008, mkoani Morogoro, wazazi walivamia shule wakiamini watoto wao wamepewa sumu. Dawa ilikuwa hii hii.

Tangu 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unapendekeza kuwatibu watu wote kuanzia miaka miwili pale maambukizi yanapofikia asilimia 10. Vidonge havijaongezeka kwa kiasi hicho. Kwa hiyo kuchagua kumerudi mikononi mwetu, na hapo sitaki tuchague kimya kimya. Silaumu Halmashauri, mara nyingi nayo hupokea dawa ikiwa imeshapangiwa matumizi.

Napendekeza idadi ya vidonge vilivyopokelewa, waliolengwa na sababu vibandikwe zahanati na mwaloni. Wazazi waelezwe kabla ya siku ya kumeza dawa. BMU na wanawake wa biashara ya dagaa wawe na wajumbe katika kamati. Anayeona ameachwa isivyo haki aandike kwa mganga mfawidhi, naye ajibiwe kwa maandishi, na sababu zitajwe. Narudia: sababu zitajwe, hata kama ni ngumu kusikika. Taarifa isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka uitishwe kila miezi mitatu. Na mkutano huo upangwe siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa nchi kavu, la sivyo tutakuwa tumewashirikisha wasiohusika.