Mtoto wa Nasari Hapimwi kwa Uzuri wa Mwandiko



Tumeombwa tuseme juu ya watoto wa nasari na kalamu. Huenda mtu akauliza, jambo hili lahusu chama vipi? Lahusu, kwa kuwa kila Januari wenzetu huja kazini wakisema mtoto "ameanguka" langoni, amenyimwa nafasi ya Gredi ya 1 kwa sababu mwandiko wake ni mbaya. Mtoto wa miaka sita! Kisha mzazi hukopa apate kulipia masomo ya jioni.

Sisi twasema kipimo hicho kimepotoka. Mtoto huonyeshwa A mpaka Z ubaoni, naye anayenakili vizuri husemwa ajua kuandika. Kunakili ni kazi ya mkono tu, na mkono wenyewe haujakomaa: kwa mtoto wa miaka mitano, mifupa midogo ya kifundo cha mkono haijatimia. Kugeuza herufi, b ikawa d, ni kawaida mpaka karibu miaka saba. Wazee wetu wa karakana waligonga gurudumu la behewa kwa nyundo wakasikiliza mlio, hawakutazama rangi.

Kuandika hasa ni kujua ya kuwa alama hushika sauti. Emilia Ferreiro na Ana Teberosky walichunguza watoto wa Buenos Aires, wakiwamo wa mitaa ya maskini, wakatoa kitabu mwaka 1979. Waliona mtoto huanza na mikwaruzo, halafu herufi zo zote, halafu herufi moja kwa kila silabi, ndipo neno zima. Basi mtoto akiandika IAU akakusomea "kitabu", usimgombeze. Amesikia silabi tatu, ameandika tatu, na kila moja ina irabu yake. Mwenzake aliyenakili KITABU kwa unadhifu bila kujua yasema nini yuko nyuma.

Mwalimu afanyeje? Ampe mtoto karatasi achore na kuandika jambo lake mwenyewe, jina lake kwanza. Amwulize, "Umeandika nini hapa?" Jibu aliandike chini pamoja na tarehe, na karatasi aiweke. Afanye hivyo kila mwezi, kisha azipange atazame safari ya mtoto. Asiyesogea kwa mwaka mzima apimwe macho na masikio kabla ya kuitwa mjinga. Na karatasi si gharama: zile za ofisi zilizochapwa upande mmoja zatosha.

Tangu Katiba ya 2010 nasari za umma zi chini ya kaunti, na huko ndiko pa kudai walimu. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza shule ya umma kumpa mtoto mtihani wa kuingilia, ila wa kumpangia darasa. Mtoto wako akirudishwa langoni kwa mwandiko, uliza kwa adabu sababu iandikwe, kisha ilete kwa katibu wa tawi pamoja na karatasi zake za nasari.