Cheche Ndogo, Kazi Kubwa: Mwanakemia Jean Fréchet na Plastiki Zinazotii Mwanga

Ndani ya simu iliyo mfukoni mwako mna vipande vya silikoni vilivyochorwa mistari myembamba kupita uwezo wa jicho kuiona. Mistari hiyo haikuchongwa kwa patasi wala kwa sindano, bali ilichapwa kwa mwanga, mithili ya picha ya zamani ilivyosafishwa kutoka kwenye filamu. Miongoni mwa watu walioufanya mwanga uweze kazi hiyo ni Jean Fréchet, mwanakemia aliyezaliwa katika eneo la Burgundy nchini Ufaransa mwaka 1944.

Baada ya masomo yake mjini Lyon, Fréchet alivuka bahari hadi Syracuse, katika jimbo la New York, na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1971. Huko alishughulikia namna ya kuunganisha molekuli za sukari, moja baada ya nyingine. Katika kazi ya aina hiyo mwanakemia hulazimika kuifunika sehemu fulani ya molekuli ili isiguswe, kisha kuifunua wakati wake ukifika. Mwaka 1973 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Ottawa nchini Kanada, akiwa bado hajajua kwamba ujuzi huo wa kufunika na kufunua ungekuja kuhitajika katika viwanda vya kompyuta.

Wito ulikuja mwaka 1979, alipokwenda kwa likizo ya utafiti katika maabara ya kampuni ya IBM mjini San Jose, California, alikokuwa mwanakemia Grant Willson. Tatizo lililowakabili lilikuwa hili. Ili kuchapa saketi, kipande cha silikoni hupakwa utando mwembamba wa plastiki, kisha humulikwa kupitia kiolezo. Mahali palipopigwa na mwanga huyeyuka katika dawa ya kusafishia, na palipobaki kivulini husalia. Kadiri mistari inavyotakiwa kuwa myembamba, ndivyo mawimbi ya mwanga yanavyopaswa kuwa mafupi. Viwanda vilitaka kushuka kutoka nanomita 365 hadi karibu nanomita 250, ndani kabisa ya urujuanimno. Lakini taa za zebaki za wakati ule zilitoa mwanga hafifu mno katika eneo hilo.

Utando uliotumika siku hizo ulitegemea kemikali iitwayo diazonaftokwinoni, na humo fotoni moja iliweza kubadilisha molekuli moja tu, tena si kila mara. Kwa mwanga hafifu namna ile, kila kipande kingekaa chini ya taa kwa muda ambao hakuna kiwanda kingeumudu. Ama ipatikane taa nyingine yenye nguvu, ama upatikane utando unaotosheka na kidogo.

Willson, Fréchet na Hiroshi Ito, mwanakemia wa Kijapani aliyejiunga nao mwaka 1980, walichagua njia ya pili. Waliamua kwamba mwanga usibebeshwe kazi yote. Katika utando wao mpya, kila mnyororo wa plastiki ulivishwa vifuniko vinavyouzuia usiyeyuke katika maji yenye alkali. Humo walichanganya chumvi za oniamu, ambazo James Crivello wa kampuni ya General Electric alikuwa amezichunguza. Chumvi hizo zikipigwa na mwanga hutoa asidi kidogo. Kisha utando hupashwa moto, na asidi hiyo hung'oa kifuniko kimoja, ikabaki nzima, ikaendea cha pili na cha tatu, hadi mamia. Hamira kidogo huumua donge zima la unga. Na asidi hii nayo hufanya kazi inayozidi sana kiasi chake.

Utando huo ulitangazwa mwaka 1982, na katikati ya mwongo huo IBM ikautumia kutengeneza kumbukumbu za kompyuta zenye biti milioni moja. Hata hivyo, nguvu yake ndiyo ilikuwa pia udhaifu wake. Kwa kuwa asidi kidogo ilifanya kazi kubwa, alkali kidogo nayo iliweza kuharibu mengi. Amonia na jamaa zake, hata wakiwa sehemu chache tu katika bilioni ya hewa, waliiua asidi juu ya utando kabla haijamaliza kazi. Ilibidi hewa ya viwandani ichujwe kwa mkaa.

Fréchet hakuishia hapo. Alihamia Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1987, ambako pamoja na Craig Hawker alieleza mwaka 1990 namna ya kujenga molekuli zenye matawi kama mti, kuanzia nchani kuelekea kiini. Baadaye, huko Berkeley, California, matawi ya namna hiyo yalitumika kukusanya mwanga na kuupeleka katikati. Mwaka 2005 yeye na wenzake waliirudia ile diazonaftokwinoni ya kale. Waliiweka katika vitufe vidogo mno vilivyobeba rangi ya majaribio mahali pa dawa, navyo vikafunguka vilipomulikwa kwa mionzi ya infraredi, ambayo hupenya mwilini kuliko urujuanimno. Mwaka 2010 alikwenda Thuwal, kwenye mwambao wa Bahari ya Shamu nchini Saudi Arabia, kusimamia utafiti katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mfalme Abdullah.

Mwaka 2013 Willson na Fréchet walitunukiwa Tuzo ya Japani kwa ajili ya utando wao. Ito hakuwapo kuishuhudia siku hiyo katika nchi yake ya kuzaliwa. Alikuwa amefariki dunia mwaka 2009. Taa za zebaki zimeshapisha leza, na mawimbi yameshuka hadi nanomita 13.5. Hata hivyo, wazo la watu hao watatu lingali viwandani: mwanga huwasha cheche, na kemia humaliza kazi.